Waliorudi Toleo la Nne

Hivi wewe umewahi kumwona mtu akivunjwa mkono kwa sababu simu yake imerudi nyuma? Mimi nimeona, tena mchana kweupe, mbele ya duka la mgawo wa unga, watu wakiwa kwenye foleni na ndoo zao. Nitakueleza pole pole, maana jambo lenyewe ukiliharakisha halieleweki. Na usiniulize ni nchi gani. Si hii yetu. Hii yetu ina amani, kila mtu anajua hivyo, na asiyejua huelekezwa.

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Kwenda Mbele, na waziri wake akiitwa Mheshimiwa Mabruki. Alikuwa mtu wa maendeleo sana. Hata gari lake aliliondolea gia ya kurudi nyuma, ikawa akifika mwisho wa barabara askari kumi na wawili wanalibeba na kuligeuza, naye yumo ndani anasoma gazeti. Siku moja liliwaponyoka likamvunja askari mmoja miguu yote miwili. Aliandikiwa barua nzuri ya pongezi, akaambiwa aje kuichukua mwenyewe, kwa miguu.

Wizara hiyo ndiyo iliyotengeneza programu ya simu iitwayo Kaya Yetu. Ukiifungua unaona watu wa nyumba yako, jina na picha ya kila mmoja. Bila Kaya Yetu hupati unga, hulazwi hospitali wala huzikwi. Nilisikia kuna watu walikaa na maiti siku mbili wakitafuta umeme, maana marehemu alikufa simu yake haina chaji.

Halafu kulikuwa na Siku ya Kuhesabiana, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Watu wa nyumba wanatoka wanasimama mlangoni, wamevaa vizuri, askari anashika simu yao na kuita majina, kila mtu anaitika. Hesabu ikitimia mnagongwa mhuri wa zambarau kiganjani, hautoki hata ukisugua kwa jivu. Isipotimia mnapigwa mpaka aliyepungua apatikane. Hayo yote yalikuwa katika toleo la nne, na watu walikuwa wamekwisha kuyazoea.

*

Sasa palikuwa na mama mmoja, Mwamvita, mjane, mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake ilikuwa ya miguu, nyeusi, maua ya dhahabu yamefutika upande mmoja tu, ule anaoegemeza kiwiko. Alikuwa na mtoto mmoja wa pekee, Sudi, fundi simu, kijana wa miaka ishirini na tatu, mwembamba, akicheka hufunika mdomo kwa mkono.

Sudi alikwenda kwenye mkutano wa hadhara. Alipopewa nafasi akauliza kwa nini zahanati ya mtaa imezinduliwa mara tatu na bado haina paa. Mheshimiwa Mabruki alimshukuru sana kwa swali hilo zuri, akaomba vijana wote waige mfano wake. Kesho yake, Jumanne saa nne asubuhi, wakaja watu wanne kwenye kibanda cha Sudi. Wakamgonga uso kwenye meza yake ya kazi mara tatu, wakihesabu kwa sauti, mara moja kwa kila uzinduzi, wakamtupa ndani ya gari kama gunia la mkaa. Majirani waliokota meno yake mawili kati ya betri na nyaya, wakayafunga kwenye karatasi ya daftari, wakampelekea mama yake.

Mwamvita alizunguka vituo vyote vya askari. Kila kituo walimpa kiti, wakamsikiliza vizuri, wakamwambia hawamjui mtu huyo. Kituo cha mwisho walimwuliza kama ana hakika aliwahi kuzaa.

Ikafika Siku ya Kuhesabiana. Simu ya Mwamvita inasema watu wawili, mlangoni yupo mmoja. Akapigwa viboko kumi na vitano kwa kosa la kumficha Sudi. Na si nyumba yake peke yake. Mtaa mzima ulikuwa na akina Sudi, wengine waliuliza, wengine walicheka mahali pasipofaa. Basi askari walipiga nyumba baada ya nyumba mpaka mikono ikavimba, wengine wakaomba likizo ya ugonjwa. Serikali ikaingiwa na huruma, ikawaonea huruma askari. Ndipo likaletwa toleo la tano.

*

Toleo la tano lilijiweka lenyewe. Watu waliamka asubuhi wakakuta simu zimegeuka rangi ya machungwa na zinaimba wimbo wa Wizara. Mwamvita alifungua yake akakuta maandishi haya: Watu wa nyumba hii: mmoja. Jina la Sudi halipo. Picha yake, ile aliyofunika mdomo, haipo. Alirudi kituoni mbio, na afande wa mapokezi akaitazama simu, akamrudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Akamwambia mama, kwa mujibu wa serikali wewe huna mtoto wa kiume, sasa tukutafutie nani?

Hapo ndipo ujue shida ya Mwamvita ilikuwa nini. Mwanzo walimnyang'anya mtoto. Sasa walimnyang'anya hata haki ya kumwulizia.

Akaenda kibandani. Kwenye sanduku la bisibisi akakuta memori kadi ndogo kama ukucha, imebandikwa plasta, na juu ya plasta kwa mwandiko wa Sudi: Kaya 4. Alikuwa amemwona mwanawe akiwafanyia wateja kazi hiyo mara nyingi, akakumbuka mpangilio wake kama anavyokumbuka mshono: unafuta, unazima, unachomeka kadi, unawasha, unasubiri mshale uzunguke. Ukazunguka. Simu ikageuka kijani. Watu wa nyumba hii: wawili. Na Sudi huyo hapo, amefunika mdomo, anacheka.

Mwamvita alikaa chini sakafuni palepale, kwenye vumbi la risasi ya kuchomelea nyaya, hakuondoka mpaka adhuhuri.

Habari zikaenea. Mwanamke mmoja akaja, akifuatwa na mzee mmoja, kisha nyumba tatu kwa pamoja. Hakuna aliyesema kilichomleta. Yule mwanamke alidai rangi ya machungwa inamuumiza kichwa. Mzee akalalamika kuhusu wimbo, eti unamshtua mbuzi wake. Mwamvita alipoulizwa yeye, akajibu kwamba toleo la nne lina herufi kubwa, na macho yake yamechoka kwa kushona. Basi ikawa ndiyo lugha ya mtaa. Ukimwona mtu analia na simu ya kijani mkononi, unamwambia pole, herufi hizo.

*

Mheshimiwa Mabruki alipopata habari alihutubia taifa kwa saa tatu. Sehemu ndogo niliyoikariri ilikuwa hivi:

"Mtu anayerudi toleo la nne leo, kesho atarudi la tatu, keshokutwa atarudi tumboni mwa mama yake. Tutamkuta hukohuko. Nimeagiza virungu vipya, vyenye mbavu za chuma, na navitakia kazi njema."

Ikapitishwa Sheria ya Kutorudi Nyuma. Siku ya kuizindua alitafutwa mzee mmoja mwenye simu ya kijani, akalazwa kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Mheshimiwa akakata utepe uliofungwa kwenye kirungu, akampiga pigo la kwanza. Bendi ikapiga. Kisha akatia saini mstari wa kwanza wa Daftari la Vipigo, kwa kalamu ya dhahabu. Daftari hilo lilikuwa na safu nne: aliyepigwa, aliyepiga, idadi na sababu. Yule mzee hakuweza kusaini upande wake, taya lilikuwa limehama. Wakamchovya kidole kwenye wino.

Lakini watu wa nchi ile ni watu wa adabu, usiwadhanie vibaya. Kwao mtu mzima hapigwi kabla hajaamkiwa, na kipigo hakianzi mpaka aitikie. Ilikuwa desturi, tena imeandikwa kwenye kanuni za askari, ukurasa wa pili. Siku ya kwanza ya ukaguzi pale duka la unga, Sajini Chande alichukua simu ya Mwamvita akaona kijani. Chande alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwandiko wake mzuri kuliko wa mwalimu yeyote. Akavua kofia, akasema shikamoo mama. Mwamvita akanyamaza.

Akarudia. Kimya. Akarudia tena, sasa ameinama kidogo. Foleni yote imeshika ndoo, inatazama. Bila marahaba hawezi kumpiga, na bila kumpiga hawezi kuendelea na wa pili. Walisimama hivyo toka saa tatu hadi saa sita, jua likiwachoma wote sawasawa. Mzee mmoja nyuma akamwambia mwenzake kwamba amekuwa akiitikia marahaba kwa miaka thelathini na hakujua thamani yake. Kufika mchana ule hakukuwa na mzee hata mmoja aliyeitikia salamu katika mtaa mzima, wajukuu wakadhani wamekosa nini.

Saa sita na robo ukaja waraka kutoka Wizarani: kunyamaza ni kuitikia.

Chande akavaa kofia yake. Kirungu cha kwanza kilimkosa Mwamvita, kikapiga ndoo. Cha pili kilimpata begani. Cha tatu kilitua kati ya kiwiko na kiganja, mkono wa kulia, na mlio wake ulikuwa kama wa kuni kavu unapoivunjia gotini. Mfupa ulitokeza nje ya ngozi, mweupe, na unga uliokuwa ukipeperuka pale ukaugandia. Chande akatoa Daftari akamwuliza taratibu sababu ya kulitaka toleo la zamani.

"Herufi zake kubwa, mwanangu," akasema Mwamvita.

Chande akaandika herufi, akapiga mstari kwa rula.

*

Wiki ile walipigwa watu elfu moja na mia saba. Duka la unga likawa limebandikwa kibao cha kuomba wateja wasivujie damu kwenye mizani. Kijana mmoja wa kinyozi alitolewa jicho, akaandikwa sababu: rangi, na askari wakacheka kidogo kwa hilo.

Hapo Mheshimiwa akatoa agizo la usafi. Majina yote yaliyomo katika Daftari la Vipigo yafutwe kwenye Kaya Yetu, matoleo yote, nchi haiwezi kulisha wakaidi. Makarani wakaliingiza Daftari kwenye mashine, ukurasa kwa ukurasa, na mashine ikatii kama ilivyoambiwa. Ikafuta majina yote yaliyomo, safu ya kwanza na safu ya pili.

Kesho yake asubuhi askari waliopiga walikwenda kuchukua unga wakaambiwa hawapo. Mtu asiyekuwepo akivaa sare ya askari ni mhalifu, sheria iko wazi. Basi askari wapya wakawapiga askari wa zamani, wakaandika majina vizuri kwenye Daftari, ya waliopigwa na ya kwao wenyewe, likapelekwa jioni kama kawaida. Keshoye hao nao hawapo. Wakaletwa wengine. Kufika siku ya tano uwanja wa kambi ulikuwa umejaa watu wasiokuwepo, wanapigana wao kwa wao kwa mbavu za chuma, kila mmoja akimtaka mwenzake kitambulisho.

Siku hiyo mchana Sajini Chande alibisha kwa Mwamvita. Uso umevimba, sikio moja linaning'inia kwa ngozi, na mkononi ana simu ya mkewe. Simu ya rangi ya machungwa ilikuwa imemwambia mkewe kwamba hana mume na hajawahi kuwa naye, na mke, mtu mwoga wa serikali, akamfungia nje. Chande akapiga magoti mlangoni, akasema kwa aibu kwamba amesikia mama ana ile kadi. Ingawa mashine ilikuwa imefuta mpaka ndani ya matoleo ya zamani, kadi ya Sudi haikuijua, ilikuwa imeandikwa kabla, na majina ya nyumba zote yamo.

Mwamvita alimtazama. Angeweza kufunga mlango. Alichukua simu akaiweka juu ya cherehani, akafuta, akazima, akachomeka, yote kwa mkono wa kushoto, ule mwingine umefungwa kwa vipande vya mbao na kitambaa cha sare. Mshale ulipokuwa unazunguka akamwuliza bila kuinua macho kama Jumanne ile alikuwa kibandani.

"Mama," akasema Chande, "usiniulize lililo nje ya Daftari. Nakuomba. Hata mimi silijui lote."

Simu ikageuka kijani. Chande aliona jina lake chini ya jina la mkewe akalia kama mtoto, akamshukuru, akatoka. Alifika kwenye kona ya kinyozi. Askari wapya watatu waliiona ile kijani mkononi mwake. Walikuwa vijana wenye malezi, wakamwamkia, naye kwa mazoea ya maisha yake yote akaitikia marahaba. Walimpiga mpaka alipoacha kujikinga, kisha wakampiga kwa sababu ameacha. Daftari linasema vipigo sitini, sababu: herufi. Mwandiko mbaya sana.

*

Naye Mheshimiwa Mabruki? Umesahau kalamu ya dhahabu, yeye pia alisahau. Mstari wa kwanza kabisa wa Daftari ulikuwa na jina lake. Asubuhi ya sita, alipotoka nyumbani kwa mara ya kwanza tangu agizo lile, mlango wa Wizara ulikataa kumfungukia. Walinzi wake wakamwuliza yeye nani, akawaambia, wakatazama kwenye simu, wakampasua mdomo kwa kitako cha bunduki kwa kujifanya Mheshimiwa. Walipomtupa ndani ya mahabusu akaanguka chini ya picha yake iliyotundikwa ukutani, ndipo askari mmoja akaona sura zinafanana kiasi.

Siku hiyohiyo, mdomo ukiwa umeshonwa nyuzi saba, alihutubia tena. Alisema nchi haijarudi nyuma na haitarudi. Alisema imekwenda mbele kwa kasi kubwa mno mpaka imelifikia toleo la nne, na kwamba mataifa mengine bado yanahangaika kwenye la tano. Watu wakapiga makofi. Simu zote zikageuka kijani, na kwa kuwa makarani walitumia nakala ya zamani kabisa, iliyohifadhiwa kabla ya Sudi kuchukuliwa, yakarudi majina yote. Ya askari, ya Mheshimiwa, na ya kina Sudi wote.

Unadhani watu walifurahi. Walifurahi siku tisa. Siku ya kumi ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi.

Nyumba elfu tatu na kitu zilikutwa na upungufu. Kuzipiga moja moja ingechukua mwaka, kwa hiyo wote walikusanywa kwenye uwanja wa mpira, wakapangwa kwa mistari kuanzia goli hadi goli, kila mtu na simu yake ya kijani. Jukwaani yupo Mheshimiwa Mabruki na mdomo wake wa nyuzi. Mbele ya kila mstari yupo askari na kirungu. Jina linaitwa, haliitikiwi, mwenye nyumba anapigwa, wanasogea kwa anayefuata. Ilikuwa kazi ya utaratibu. Kufika saa nne nyasi za upande wa goli la kaskazini zilikuwa zinateleza, askari wawili walianguka wakachafua sare.

Mheshimiwa, ambaye hapendi kuonekana mkatili, alisimamisha kazi kidogo ili wananchi watoe shukrani. Mzee mmoja mwenye damu puani akapewa kipaza sauti, akashukuru kwa herufi kubwa. Mwanamke mwingine akashukuru kwa rangi ya kijani, akasema inatuliza. Walishukuru wengi. Kila aliyeshukuru alirudi kwenye mstari wake, zamu yake ikifika akapigwa.

Zamu ya Mwamvita ikafika. Askari akaita Sudi Makame. Akaita mara ya pili, kama kanuni zinavyotaka, akanyanyua kirungu. Mwamvita akainua ule mkono wa kushoto akaomba naye ashukuru. Mheshimiwa akatabasamu kadiri nyuzi zilivyomruhusu, akaamuru apelekewe kipaza sauti. Akamwambia kwa upole, sauti yake ikisikika uwanja mzima, kwamba serikali imewapa toleo walilolililia, mama aseme bila woga, alikuwa akitaka nini hasa.

Mwamvita alikishika kile kipaza sauti karibu mno na mdomo, tukasikia kwanza pumzi zake. Askari alikuwa bado amenyanyua kirungu.

"Nilikuwa namtaka mwanangu. Mlimchukua Jumanne saa nne asubuhi, amevaa fulana ya kijivu niliyomshonea mwenyewe, kola yake nimeipindua mara mbili, mtaijua. Kama yu hai, mleteni hapa aitike jina lake. Kama mmemuua, nionyesheni mlipomfukia, nikamfukue kwa mkono huu uliobaki."